Mama Yako Hayumo Katika Hesabu ya Kodi



Kila mwaka mwezi wa Juni unapokaribia kwisha, ambao ndio mwezi wa mwisho wa kupeleka hesabu ya kodi ya mapato, wanachama wengi huuliza swali moja. Dreva auliza, mtu wa gangi auliza, karani wa stesheni naye auliza, ingawa yeye ndiye tuliyemdhani ajua. Swali lenyewe ni hili: "Fedha nilizomlipia mama hospitali mwaka huu, niziandike mahali gani katika fomu?"

Jibu ni fupi, nalo ni chungu. Hakuna mahali pa kuziandika. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya haimpi nafuu yo yote mfanya kazi aliyewalipia mama, baba, ndugu, dada au shangazi gharama za matibabu. Ukiwa umelipa Sh. 500/- za dawa, au umeuza shamba kulipa Sh. 500,000/- za upasuaji, mbele ya mtoza kodi ni sawasawa. Kodi yako haipungui hata senti moja.

Katika toleo hili twataka kueleza mambo matatu: sheria yasemaje, chama chetu kidai nini, na mwanachama afanye nini sasa wakati madai yetu yakingoja kusikizwa. Twaomba msomaji atuvumilie katika hesabu, maana mfanya kazi asiyejua hesabu ya mshahara wake atanyonywa na kila mtu.

SHERIA YASEMAJE

Kwanza, kila mtu anayelipa kodi hupewa punguzo la mtu mmoja. Tangu mwezi wa Aprili 2020 punguzo hilo limekuwa Sh. 2,400/- kwa mwezi, yaani Sh. 28,800/- kwa mwaka. Zamani lilikuwa Sh. 1,408/-. Kijana asiye na mke wala mtoto, ambaye wazazi wake wana mali, hupata Sh. 2,400/-. Mtu mwenye mke, watoto watano, mama mgonjwa wa sukari na ndugu mwenye kifafa, naye hupata Sh. 2,400/- zile zile. Haikuwa hivyo siku zote. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973 ilipoanza kutumika, mtu mwenye jamaa alikuwa na punguzo kubwa kuliko mtu aliye peke yake. Tofauti ile iliondolewa baadaye. Basi sheria ilikwisha kujua wakati mmoja ya kwamba mshahara wa mtu mmoja hulisha watu wengi, kisha ikasahau.

Pili, liko punguzo la bima. Ukilipa bima ya maisha au bima ya afya, sheria yakupunguzia kodi kwa 15 kwa mia ya fedha ulizolipa, lakini si zaidi ya Sh. 5,000/- kwa mwezi. Hapa ndipo wanachama wengi hudanganyika. Bima hiyo ni yako mwenyewe, au ya mke wako au mume wako, au ya mtoto wako. Mzazi hayumo. Mtu akikuuzia bima ya afya ya baba na mama, huenda ikawa bima nzuri na yenye kuwafaa wazee, lakini akikuambia ya kwamba itapunguza kodi yako, hasemi kweli.

Tatu, kuna matibabu yanayolipwa na mwajiri. Mwajiri akikulipia matibabu wewe, mwenzio wa ndoa na watoto wako kwa mpango unaokubaliwa na sheria, fedha zile hazihesabiwi kuwa mshahara. Lakini mwajiri mwema akimlipia mama yako hospitali, fedha zile zaweza kuhesabiwa kuwa ni mshahara wako, ukatozwa kodi kwa ugonjwa wa mama.

Nne, ni bima ya afya ya Serikali. Mfuko wa zamani wa NHIF, ulioanza mwaka 1966, umekwisha. Mahali pake pameingia Halmashauri ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA, na makato yalianza tarehe 1 Oktoba 2024. Hukatwa 2.75 kwa mia ya mshahara wote. Mkato huo wakuhudumia wewe, mwenzio wa ndoa na watoto. Wazazi wako hawamo. Wao wajiandikishe wenyewe na walipe mchango wao wenyewe.

Tano, mlemavu aliyepewa cheti cha kusamehewa kodi, kwa Agizo la mwaka 2010, husamehewa kodi ya Sh. 150,000/- za kwanza kila mwezi, na tena aweza kuondoa hadi Sh. 50,000/- kwa mwezi kwa ajili ya dawa na utunzaji wa nyumbani unaohusu ulemavu wake. Twalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuna wanachama wetu walioumia kazini ambao hawajui haki hii. Ya pili, Agizo hili laonyesha ya kwamba Serikali yaweza kabisa kuiambia kodi isubiri dawa inunuliwe kwanza. Jambo si geni wala si la ajabu.

MZIGO WENYEWE NI UPI

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali auona mwepesi. Basi tuupime kwa ratili.

Tuchukue mfanya kazi ambaye mwezi wa Machi 2025 mshahara wake wote ulikuwa Sh. 50,000/-. Alikatwa NSSF Sh. 3,000/-, SHA Sh. 1,375/-, na mkato wa nyumba Sh. 750/-. Makato hayo matatu huondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Zikabaki Sh. 44,875/- za kutozwa kodi. Sh. 24,000/- za kwanza hutozwa 10 kwa mia, Sh. 8,333/- zinazofuata hutozwa 25 kwa mia, na zilizobaki 30 kwa mia. Kodi ikawa Sh. 8,246/-. Ukiondoa lile punguzo la Sh. 2,400/-, alilipa Sh. 5,846/-. Akaenda nyumbani na Sh. 39,029/-, kabla ya kukatwa mkopo wa chama cha akiba.

Katika hizo Sh. 39,029/- kuna kodi ya nyumba, karo, unga, mafuta, na nauli ya kwenda kazini. Sasa simu yalia usiku toka nyumbani ya kwamba mama amelazwa. Atume Sh. 5,000/-. Mwezi ujao Sh. 5,000/- tena, maana dawa za pressa na sukari hazina mwezi wa mapumziko. Kwa mwaka zimekuwa Sh. 60,000/-. Fedha hizi amezitoa katika mshahara uliokwisha kutozwa kodi. Kwanza Serikali imechukua fungu lake kana kwamba mtu huyu afanya apendavyo na zilizobaki, kisha ndipo akamtibu mama yake, ambaye ni raia wa Serikali ile ile.

Wako watakaosema, "Kumtibu mama ni hiari yake na desturi yake. Kodi haihusiani na desturi." Sisi twawajibu kwa Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 57 chasema ya kwamba wazee wana haki ya kutunzwa na kusaidiwa inavyofaa na jamaa zao na vile vile na Serikali. Wametajwa wawili, jamaa na Serikali. Jamaa ametimiza sehemu yake kwa risiti. Serikali haiwezi kuja baada ya hapo na kusema haikumwona. Na Kifungu cha 201 chataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Haki gani ikiwa watu wawili wenye mshahara mmoja, mmoja akitibu watu watatu na mwingine asitibu hata mmoja, walipa kodi sawasawa?

Serikali ya kikoloni ilipoanza kodi ya kibanda mwaka 1901, ilihesabu vibanda. Ilipoweka kodi ya kichwa mwaka 1910, ilihesabu vichwa. Kodi ya siku hizi yahesabu mshahara, na hilo ni jambo jema zaidi, maana mwenye nyingi hutoa nyingi. Lakini bado haiulizi mshahara ule wagawanywa kwa watu wangapi. Mshahara wa mtu wa reli haukai Nairobi wala Mombasa. Huondoka siku ile ile kwenda Kitui, Siaya, Vihiga, Taita na Baringo.

WENZETU WAFANYAJE

Mtu asidhani twaomba jambo ambalo halijawahi kuonekana duniani.

Marekani, mtu aliyemlipia mzazi gharama za matibabu aweza kuziingiza katika hesabu yake ya kodi, lakini kwa masharti magumu. Sharti la kwanza ni kwamba awe ndiye aliyempa mzazi zaidi ya nusu ya matunzo yake mwaka ule. Tena huhesabiwa zile tu zinazopita 7.5 kwa mia ya mapato yake, na ni lazima aorodheshe matumizi yake moja moja badala ya kuchukua punguzo la jumla. Kwa hiyo wengi hawapati kitu. Hata hivyo mlango upo.

Ghana, sheria yao ya kodi yamtambua mfanya kazi anayemtunza jamaa mzee wa miaka 60 au zaidi, na humpa punguzo kwa wazee wasiozidi wawili. Ghana ni nchi ya Kiafrika kama yetu, yenye shangazi na wajomba kama sisi. Wao wamekubali kuandika neno "mzee" katika sheria ya kodi.

Afrika ya Kusini nayo yatupa somo lingine. Zamani wao waliondoa michango ya bima ya matibabu katika mapato kabla ya kutoza kodi. Tangu tarehe 1 Machi 2012 walianza kuacha njia hiyo na kutumia punguzo linalotolewa katika kodi yenyewe, la kiasi kilichowekwa kwa kufuata idadi ya watu waliomo katika bima, mwenye mshahara mdogo sawa na mwenye mshahara mkubwa. Kwa nini walibadili? Sababu yake ndiyo kiini cha madai yetu, basi tuieleze polepole.

NJIA MBILI, NA MOJA NDIYO YA HAKI

Kuna namna mbili za kumpa mtu nafuu ya kodi. Ya kwanza ni kuondoa fedha katika mshahara kabla ya kodi kuhesabiwa. Ya pili ni kuhesabu kodi kwanza, kisha kupunguza kodi yenyewe. Ukisikiliza kwa haraka utadhani ni jambo moja, lakini tazama.

Chukua watu wanne, kila mmoja amemlipia mama yake Sh. 60,000/- kwa mwaka, na tutumie viwango vya kodi vya mwaka 2025.

Tukitumia njia ya kwanza, mkubwa mwenye mshahara wa Sh. 900,000/- kwa mwezi, ambaye fungu lake la juu hutozwa 35 kwa mia, atapata nafuu ya Sh. 21,000/- kwa mwaka. Yule wetu wa Sh. 50,000/- atapata Sh. 18,000/-. Mwenye Sh. 30,000/- alipa kodi ya Sh. 731/- tu kwa mwezi, kwa hiyo hawezi kupata nafuu iliyozidi kodi yake ya mwaka, ambayo ni kama Sh. 8,775/-. Na mwenye Sh. 20,000/- halipi kodi hii kabisa, basi hapati kitu. Yaani mwenye mshahara mkubwa kupita wote asaidiwa kumtibu mama yake kuliko wote, na mwenye mdogo kupita wote aambiwa apambane na hali yake.

Tukitumia njia ya pili kwa kipimo kile kile cha bima, yaani 15 kwa mia, yule mkubwa atapata Sh. 9,000/-. Wa Sh. 50,000/- atapata Sh. 9,000/-. Wa Sh. 30,000/- atafutiwa kodi yake yote ya Sh. 8,775/-. Hapa mama ni mama. Mama wa mkubwa hana bei zaidi ya mama wa mtu wa gangi.

Twajua wako wanachama wenye mshahara wa kati watakaosema, "Lakini njia ya kwanza yanipa Sh. 18,000/-, mbona chama chataka nipewe Sh. 9,000/-?" Ndugu, kwanza leo wapata sufuri. Pili, fedha zinazotolewa kwa njia ya kwanza zatoka katika mfuko wa Serikali ule ule unaojenga zahanati ya kijijini kwenu, na sehemu kubwa zaidi zingekwenda kwa wale ambao mama zao hawajawahi kulala katika zahanati. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kusimama mbele ya Bunge na kudai jambo linalomnufaisha meneja kuliko mfagiaji.

MADAI YETU

Basi haya ndiyo twayapendekeza matawi yayajadili:

1. Sheria iweke punguzo la matibabu ya wazazi, la 15 kwa mia ya fedha zilizolipwa hospitali, zahanati au duka la dawa lenye leseni, kwa mama na baba wa mlipa kodi, na kwa mtu aliyemlea badala ya wazazi. Liwe na kikomo kama lilivyo punguzo la bima.

2. Punguzo la bima lililopo sasa liongezwe neno moja tu, "mzazi", baada ya mke, mume na mtoto.

3. Mchango wa SHA ambao mfanya kazi humlipia mzazi wake usiye na mshahara uondolewe kabla ya kodi kama unavyoondolewa mchango wake mwenyewe.

4. Kwa yule ambaye mshahara wake ni mdogo hata halipi kodi, punguzo la kodi halitamfaa kitu. Kwa ajili yake twadai ya kwamba Serikali iwalipie mchango wa SHA wazee wote wasio na kitu, kama sheria ya bima ilivyokusudia kuwasaidia maskini. Tusidai nafuu ya waliomo ndani ya hesabu ya kodi tukawasahau walio nje.

Mambo haya yatapingwa, nasi tujiandae. Watasema watu watajifanya kuwa na mama kumi. Jibu letu ni kwamba mtu ana mama mmoja, naye ana kitambulisho na namba, na hospitali ina PIN ya kodi na risiti. Serikali iliyoweza kumjua kila mwenye duka haiwezi kushindwa kumjua mama mmoja. Watasema tena ya kwamba fedha za Serikali zitapungua. Ni kweli, zitapungua, nasi hatufichi. Ndiyo sababu twadai kikomo, na ndiyo sababu twaanza na wazazi tu, si ukoo mzima, ijapokuwa twajua ya kwamba ndugu na shangazi nao huugua. Dai lisilo na mpaka hutupwa katika kapu.

Na mtu asikate tamaa akidhani sheria ya kodi ni kama mlima Kenya, haisogei. Hadi mwaka 2024 mkato wa SHA na mkato wa nyumba ulikuwa hauondolewi kabla ya kodi. Watu walilalamika ya kwamba watozwa kodi juu ya fedha ambazo hawakuzishika. Sheria ikabadilishwa, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 makato hayo huondolewa kwanza. Mwezi wa Juni mwaka ule ule nchi nzima iliona Mswada wa Fedha ukirudishwa. Sheria ya kodi huandikwa na watu, na watu wakisema pamoja huandikwa upya.

MWANACHAMA AFANYE NINI SASA

Wakati madai haya yakingoja, yako mambo ambayo kila mtu aweza kuyafanya bila kumwomba mtu.

Kwanza, soma karatasi yako ya mshahara. Tazama kama NSSF, SHA na mkato wa nyumba vimeondolewa kabla ya kodi. Kwa sheria ya mwaka 2025, tangu tarehe 1 Julai mwaka huo, ni wajibu wa mwajiri kuyatia mapunguzo yako yote katika hesabu ya kila mwezi. Ikiwa una bima ya afya yako au ya watoto na punguzo lake halionekani, peleka cheti cha bima kwa karani wa mishahara, na ukikataliwa njoo kwa katibu wa tawi.

Pili, waandikishe wazazi katika SHA. Kwa asiye na mshahara mchango hukadiriwa kwa kutazama hali ya nyumba yake, nao haupungui Sh. 300/- kwa mwezi, yaani Sh. 3,600/- kwa mwaka. Ndugu wanne wakigawana, kila mmoja atoa Sh. 900/- kwa mwaka. Bima hii haifuti gharama zote. Bado kuna nauli, na mara nyingine dawa za kununua nje. Lakini ni afadhali kugawana Sh. 3,600/- mwezi wa Januari mama akiwa mzima, kuliko kupitisha karatasi ya mchango karakana nzima mwezi wa Agosti mama akiwa kitandani. Twajua sote jinsi karatasi ile inavyozunguka siku ya mshahara, na jinsi mtu anavyoinamisha macho anapoipeleka kwa mwenzake mara ya tatu.

Tatu, peleka hesabu yako kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama kodi yote imekwisha kukatwa na mwajiri. Mwenye mshahara akichelewa hutozwa faini ya Sh. 2,000/- au 5 kwa mia ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo. Ni aibu kulipa Sh. 2,000/- kwa uvivu na huku mama hana dawa.

Nne, jihadhari na watu wa saiba wanaosema, "Nipe Sh. 500/-, nitaingiza bili ya mama, nawe utarudishiwa kodi." Katika fomu hakuna nafasi ya bili ya mama. Kwa hiyo mtu huyo ataiandika mahali pengine kwa uongo, labda kama bima ambayo huna. Jina lililo juu ya fomu ni lako, si lake. Ikionekana ya kwamba uongo uliandikwa kwa makusudi, sheria yatoza faini ya 75 kwa mia ya kodi iliyopungua, mbali na kodi yenyewe. Yeye atakuwa amekwisha kula Sh. 500/- zako na kuhamia mtaa mwingine.

Tano, weka risiti. Sheria yataka karatasi za kodi ziwekwe kwa miaka mitano. Risiti za mama hazina kazi katika kodi leo, lakini zina kazi kubwa katika chama. Tia kila risiti katika bahasha, andika mwaka juu yake.

WITO KWA MATAWI

Mswada wa Fedha huletwa Bungeni kila mwaka kabla ya mwisho wa mwezi wa Aprili, na baada ya hapo Kamati ya Fedha ya Bunge huita wananchi watoe maoni. Mabenki huenda na mawakili wao. Makampuni huenda na wahasibu wao. Sisi tukienda na malalamiko matupu, tutasikizwa kwa heshima na kusahauliwa kabla ya chai.

Basi kila katibu wa tawi, toka Mombasa, Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, afanye daftari. Katika daftari hilo kila mwanachama anayekubali aandike bila jina lake: mshahara wake, kodi aliyokatwa kwa mwaka, na fedha alizowalipia wazazi matibabu kwa mwaka ule. Hesabu tatu tu. Daftari hizo zikikusanywa, tutakuwa na kitu ambacho hata Waziri wa Fedha hana, yaani hesabu ya mzigo ambao wafanya kazi wa reli wameubeba kimya kwa miaka mingi, na ambao haujawahi kuandikwa katika kitabu cho chote cha Serikali.

Wala mtu asione haya kuandika. Si umaskini kumtibu mzazi, ni utu. Kinachotia haya ni nchi kumhesabia mtu mkate aliomlisha mama yake kana kwamba ameula mwenyewe.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI